Mstari wa Kumi na Nne

Ijumaa jioni, treni ya kwenda Warsaw.
Nimevua koti jeupe la kiwanda cha jibini
ila harufu ya maziwa imepanda nami.
Miaka arobaini na sita, na begi la shule mgongoni.

Darasani nakaa kati ya Dobrosław wa benki
na daktari mmoja anayesinzia, kalamu mkononi.
Mhadhiri anagawa karatasi:
kiwanda cha nguo, hasara miaka mitatu,
wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili
wamelazwa wote kwenye mstari wa kumi na nne.
Mnashauri nini?

Binti yangu Kalina ndiye aliyenifundisha hesabu za riba,
usiku, meza ya jikoni, kati ya vikombe.
"Mama, usiziogope herufi. Ni namba zilizovaa kofia."
Basi nikakokotoa. Nikakata. Jibu likatoka safi:
kifungwe.

Alama tisini na nne.
Dobrosław akanigonga bega.

Jumapili usiku, theluji ikikwaruza kioo cha behewa,
nikamkumbuka baba, mfumaji wa Łódź,
siku aliyorudi mchana kweupe
akaketi bila kuvua viatu.
Mama akauliza, "Mbona mapema?"
Akajibu kwamba chai imepoa.
Maji yalikuwa hayajachemka.

Nafungua kompyuta.
Nauwekea mstari kidole,
kama atafutaye mshipa kwenye mkono wa mgonjwa.
Napiga hesabu upya.

Bado ni sahihi.

Białystok, anatangaza kondakta. Kituo cha mwisho.