Nusu ya Sentensi

Wodi ya wanaume, Temeke, saa tisa usiku,
feni inazunguka kwa kulalamika,
na Anyelwisye wa kitanda cha dirishani,
fundi mageti wa Tandika,
akanishika mkono kwa vidole vyenye makovu ya cheche,
akasema:
"Sista, mama akija mwambie asinililie.
Hana haki hiyo."

Nikasema sawa.
Nesi husema sawa kwa mambo mengi.

Mama alifika asubuhi kwa basi la Tukuyu,
kabeba ndizi kwenye kiroba
na shuka jipya, bado lina karatasi ya bei.
Kitanda tulikuwa tumeshakitandika.
Hakuuliza saa ngapi. Hakuuliza dawa gani.
Aliuliza, "Alinitaja?"

Bwana, ulikuwepo. Uliona nilivyokata.
Mama yangu mshonaji hukata uzi kwa meno,
upesi, hamtazami mtu usoni.
Nami ndivyo nilivyokata, pale penye nukta:
"Alikutaja, mama. Alisema usimlilie."

Hakuna neno la uongo hapo.
Kapime. Pitisha kwenye mizani ya sokoni, ile inayoiba,
pitisha kwenye ile yako:
nimelitoa kama nilivyolipokea.
Nilichobaki nacho ni maneno matatu.
Niliyameza yakateremka kama kidonge bila maji,
na kidonge bila maji, waulize wagonjwa wangu,
hukaa kifuani.

Jumamosi nafundisha kipaimara kule Yombo,
watoto kumi na saba, mabenchi mawili mabovu.
Tukafika amri ya nane.
Tulizo, binti wa muuza mkaa,
ambaye hanyooshi mkono hata akijua jibu,
akaunyoosha:
"Mwalimu, na ukisema kweli halafu ukaibakiza?"
Wenzake wakacheka.
Mimi nikafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Usiku nilikuwa wakili wangu mwenyewe.
Nikasema: mgonjwa hupewa uji, hapewi makande.
Nikasema: wakunga wale wa Misri walimjibu nini Farao,
na Mungu hakuwajengea nyumba?
Ikanijibu sauti yenye lafudhi ya marehemu baba,
aliyekuwa mzee wa kanisa na hakujua kunong'ona:
"Wakunga waliokoa watoto.
Wewe uliokoa nini?
Uliokoa asubuhi yako."

Miezi kumi na moja ikapita.
Jumapili, natembea kwenda ibadani,
mchanga wa Buza umejaa viatuni, simu ikaita.
"Sista wa Temeke? Mimi mamake Anyelwisye."
Akanisimulia mahindi. Akanisimulia mvua.
Kaburi wameshalisakafia.
Kisha:

"Siku ya mazishi wanawake walilia mpaka wakagaagaa.
Mimi nilikaa kama jiwe la kusagia.
Mwanangu alikataza, sikutaka kumuudhi tena.
Mpaka leo sijalia, sista.
Kifua kinaniuma, daktari anapima haoni kitu.
Nimepiga kuuliza:
ni hilo tu alilosema?"

Tena, alisema.
Nililisikia neno hilo dogo likipita katikati ya mengine
kama mtu anayejua njia.

Kengele ikalia. Waumini wakanipita,
mmoja akanigusa bega, "Tunachelewa, mwalimu."
Nilikuwa na jibu tamu mdomoni, tayari limeiva,
jibu la kumruhusu alie na kuniruhusu niende nikaimbe.
Ningeweza kusema alibadili mawazo alfajiri.
Hilo sasa lingekuwa uongo kamili,
mtoto wa ule wa nusu,
amekua, ananidai ada.

"Hapana, mama," nikasema. "Si hilo tu."

Upande wa pili nikasikia kigoda kikiburutwa,
kuku akifukuzwa,
mlango ukirudishwa.
"Sema, mwanangu," akasema.
"Nimeshakaa."