Jumlisha Saba

Tihingan, Bali. Kompyuta ya Sukerti
imeegemea gunia la mkaa.
Safu ya A: sauti za chini, alizozipima jana.
Safu ya B anaandika: sawa na A-moja, jumlisha saba,
kisha anaburuta mpaka chini.

Si kuzidisha?
Suartama, kakaye, ameuliza mara tatu.

Jumlisha.
Vibao viwili vikilingana kabisa, vimekufa.
Sharti vigombane kidogo,
mara saba kwa sekunde,
ndipo shaba ipumue.

Suartama anakwaruza kwa tupa, anagonga, anakwaruza.
Kibao cha tisa: tofauti sita nukta nne.
Ananyanyua tupa tena.

Acha hapo, asema Sukerti.

Anafuta fomula ya seli ile moja
na kuandika alichosikia.