Shona, Shonoa

Saa moja na nusu usiku, darasa la watu wazima, Makorora.
Taa mbili zinawaka, ya tatu inakonyeza.
Mwalimu Semhando ameandika herufi mbili ubaoni,
akazipigia mstari kama kondakta anayekata tiketi.
“Hizi ukizitanguliza,” anasema, “neno linageuka.”

Furaha ya Kiingereza, itie ‘an’ kichwani, inanuna.
Kufuli lao, litie ‘an’, linaachia.
Kazi itie ‘ri’, ya jana unaianza leo
na mshahara haujaingia.

Mhina, mpakia mizigo bandarini,
vumbi la saruji bado limo masikioni,
akanyoosha kidole kama mtoto wa la pili:
“Mwalimu, poti si bandari?
Basi ripoti ni kurudi bandarini?”
Tukacheka hadi mlinzi akachungulia.
“Na anko je? Ni nani aliyemkana ko?”
Mwalimu akafuta jicho kwa mkono wenye chaki.
Si kila kilichotangulia ni kiambishi, jamani.
Vingine vimezaliwa na kichwa chao.

Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nawaza mkia.
Maana sisi neno hatuligeuzii mlangoni,
twaligeuzia uani:
ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua.
Kichwa ni kilekile, ushungi uleule,
ungoje mwisho ndipo ujue
kama unakaribishwa au unatolewa.
Hata kufa, bibi zetu walikutafutia mkia:
ulimi ukakwama kwa hofu, ukasema fu,
ukarudia fu,
ndipo ukapata: fufua.

Na mimi riziki yangu imo humohumo.
Shona, shonoa.

Chini ya cherehani yangu, Barabara ya Nane,
kuna gauni la Mwanashehe.
Nililishona Rajabu, satini rangi ya maziwa,
shanga mia mbili na arobaini, zote kwa mkono.
Shaabani bwana harusi akatuma ujumbe wa simu.
Neno moja. Kumbe nasi cha kichwani tunacho,
na kinauma kabla hujafika katikati:
sitaweza.

Juzi mchana akaniletea gauni kwenye mfuko wa sukari.
“Lishonoe, bibie. Nataka kitambaa changu
kiwe kama hakijashonwa.”

Basi nikanyoosha kidole, mimi ambaye sinyooshi.
“Mwalimu, kitu ambacho hakijafungwa,
na kitu kilichofungwa kikafunguliwa,
Kiingereza huvivika kofia moja?”
Akasita. Taa ya tatu ikakonyeza.
“Mara nyingi,” akasema, “ndiyo.”
Mhina akaniangalia kana kwamba nimetukana.

Usiku huo nikashika wembe.
Uzi unatoka, tena unatoka kwa utii,
ukiuvuta unapiga kelele ndogo kama mchele kwenye ungo.
Tundu halitoki.
Nyunyiza maji, pitisha pasi, geuza upande,
satini inaikumbuka kila sindano,
nukta, nukta, nukta, hadi kwapani.
Hakijashonwa ni kitambaa kingine.
Kiko dukani kwa Mhindi, hakimjui mtu.

Akaja asubuhi, kabla sijafungua dirisha la pili.
Shanga nilizitia kwenye kopo la kahawa.
Kitambaa nilikikunja, matundu yakiwa ndani.
Akakikunjua. Akakipapasa kwa kidole gumba, polepole,
kama anayesoma.
Sikusema kitu. Nikachukua kitabu cha malipo:
kushonoa, shilingi elfu nane.
Kalamu ikaganda kwenye neno la juu,
lililochapwa kwa wino wa buluu.
Risiti.

Nikamsikia Mhina na vumbi lake:
ri, ni tena. Na siti, mwalimu,
siti si kiti?

Nikavuta kiti cha wateja, nikakung’uta vinyuzi.
“Keti tena,” nikamwambia.
Akaketi, mkoba mapajani,
kama abiria ambaye hajauliza nauli.