Nyongeza

Ujumbe huingia kabla jua halijaigusa Loleza:
"Habari dada. Tumefika usiku, friji tupu.
Nyanya, vitunguu, mchele kilo mbili, mayai kumi,
maziwa ya watoto. Na mkaa, kumbe huku baridi hivi!"
Najibu: Karibuni sana. Saa tatu nitagonga geti.
Sisemi kwamba baridi bado. Hii ni Mei tu.

Mimi ndiye Subilaga wa zile nyumba tatu za Forest ya Zamani.
Funguo si zangu, vitanda si vyangu.
Changu ni kikapu,
na elfu tano kwa safari, nauli ya bajaji mbali.
Wageni siwaoni sana, nawasoma kwenye orodha:
tangawizi na limau, huyo kaamka na mafua.
Yule wa wiki jana aliagiza nusu kilo ya kila kitu,
baada ya saa mbili akaandika, "Dada, fanya kilo,"
nikajua aliyekuwa akingojwa amefika.

Mwanjelwa naingilia upande wa mchele.
Wa Kyela haununuliwi kwa macho;
natia punje mdomoni, natafuna, natazama pembeni,
maana kuna mchele wa Kyela ambao Kyela haijui.
Viazi nataka vyenye udongo wa Uporoto bado mwilini.
Parachichi naulizwa: la leo, la kesho, la keshokutwa?
Nahesabu siku za mgeni, nachukua moja moja.

Halafu akaja yule mkaguzi wa hesabu, nyumba ya pili.
"Kila kitu na risiti," aliandika. "Kila kitu."
Mama Ambwene wa nyanya alicheka hadi kitenge kikalegea.
"Risiti ya nyanya?"
Akachana kipande cha mfuko wa unga,
akachovya dole gumba kwenye nyanya iliyopasuka,
akagandamiza.
"Mpelekee. Mashine yangu ndiyo hiyo."

Nikampelekea.
Hakucheka, wala hakukasirika.
Alikiweka kile kipande juani dirishani kikauke,
akamwaga nyanya mezani, akahesabu kwa kidole.
"Fungu la tano, umeandika. Hapa ziko sita."
Hiyo ni nyongeza, nikasema.
"Kalipa nani?"
Hakuna.
"Sasa naiandika wapi?"

Sikuwa na jibu, na shingo ilinipata joto.
Maana nyongeza, miaka minne hii,
huwa haifiki Forest.
Ina mfuko wake mdogo ubavuni mwa kikapu:
nyanya ya nyumba ya kwanza, kitunguu cha ya tatu,
konzi ya njegere ya watu waliokwisharudi kwao.
Jioni, Ilemi, sufuria yangu huchanganya wageni wote.
Sijawahi kula shilingi ya mtu.
Chenji narudisha hadi ile ya hamsini.
Siku ile tu, akili iko kwenye risiti,
mkono ulisahau mfuko.

Lakini hebu niambieni:
Mama Ambwene alimpa nani?
Aliyelipa, ambaye hamjui hata kwa sura,
au aliyeinama akamwambia ugonile,
akauliza mguu wa mjukuu umepona?

Jumapili mkaguzi aliondoka alfajiri.
Mezani kaacha hesabu yake, imenyooka kama uzi,
na elfu tano yangu chini ya kikombe.
Kile kipande chenye dole gumba kaondoka nacho.
Nikafungua friji nifute.
Rafu ya kati, peke yake,
nyanya moja.

Nilisimama mlango wazi, baridi mbele, baridi mgongoni.
Nikaiweka kwenye mfuko wa ubavuni.
Nikaitoa.
Nikairudisha.

Jioni niliikata. Ilikuwa imeanza kulegea upande mmoja.
Ipyana akachungulia sufuriani.
"Mama, mchuzi wa leo mbona umepauka?"
Nikamwambia lete chumvi.