Viganja

Nimewapaka hina maharusi wa Wete
miaka ishirini na mitatu.
Sasa vidonge, vya asubuhi na vya jioni,
vinanipaka mimi:
wekundu viganjani, wekundu nyayoni,
hina isiyo na maua.

Daktari amenikataza vitu vyangu vyote.
Singo hapana. Ndimu hapana.
Liwa, marashi, maji ya moto, hapana.
"Mafuta mazito yasiyo na harufu, mama,
kila ukinawa. Usisugue.
Ukiona malengelenge usingoje siku ya kliniki, piga simu."
Yasiyo na harufu! Sisi
tunaofukiza hata kanga za kushindia.

Usiku Mize ananipaka, kisha ananivika
soksi za pamba za mwanawe wa skuli,
nyeupe, zina mstari wa buluu.
Mbuzi ya nazi kaificha.
Ndara zangu katupa, ati mkanda unakwaruza.
Nanung'unika. Hanijibu.

Jana nilikwenda kusajili laini ya simu.
Weka kidole. Nikaweka. Mashine ikakataa.
Cha pili. Dole gumba. Ikakataa.
Michirizi imefutika,
ncha za vidole kama ganda la yai.
Foleni nyuma yangu ikaguna.

Msichana wa dirishani akainama,
akatazama mikono, si mashine.
"Bi Salhiya? Si wewe uliyenichora, Mfunguo Mosi ile,
ukalificha jina la mume wangu kwenye ua la kifundo,
akalitafuta mpaka alfajiri?"

Akacheka.
Nami nikacheka, kidogo kidogo,
maana na midomo imepasuka.