Namba ya Mita

Kiti changu kina magurudumu matano, moja halizunguki.
Mbele yangu ramani ya Maskati inawaka usiku kucha
kama sinia jeusi lililomwagikiwa sukari.
Sina king'ora, sina mpira wa maji.
Nina masikio mawili, na kibodi iliyofutika herufi ya nuni.

Saa nne: ngamia amelala barabarani, njia ya Adam.
Madereva wanampigia yeye honi, mimi wananipigia simu.
Saa tano: mtoto wa Al Hail anauliza kama polisi hulala.
Hulala kwa zamu, nikamwambia. Basi sawa, akakata.
Saa sita mtu mzima, analia tu.
Nikamngoja. Akawa anavuta pumzi
kama anayeteka maji kwa kamba fupi.

Saa nane na dakika sita, mnong'ono:
"Nari, nari..." Kiarabu kikamwishia hapo.
Kisha, kwa nafsi yake, si kwangu:
"Mama yangu wee."

Nilisimama, waya wa sikioni ukanivuta nyuma.
Kiswahili changu ni cha nyumbani,
nilichopewa na mama, mzaliwa wa Tabora:
funika chungu, mfukuze paka, nani kamaliza mkate.
Hakijawahi kuvaa sare.

"Dada, nakusikia. Uko wapi?"
Kimya. Halafu, kama aliyeitwa na ndugu aliyekwisha zikwa:
"Wewe nani?"
"Uko wapi, dada?"
"Nyumbani kwa watu."

Nyumba kubwa, nyeupe. Zote nyeupe, dada.
Kuna msikiti. Ipo kila kona.
Jina lake Nyamizi. Mwezi wa pili huu, hajavuka lango.
Wenyewe wamekwenda Salala kufuata manyunyu,
wamemwachia bibi asiyeweza kusimama.
"Bibi yuko wapi?" "Nimemburuta na godoro lake. Tuko uani."
Amemburuta na godoro lake!
"Mlango wa jiko umeufunga?" "Nimeufunga."
"Usiufungue. Ukutani kuna mita ya umeme. Nisomee namba."

"Sita," akasoma. "Saba. Tisa."
Yaqdhan, mwenzangu, jina lake maana yake aliye macho,
hajui Kiswahili hata cha kuombea maji,
akaziandika mwenyewe bila kuniuliza.
Namba zile zilikwisha vuka zamani, hazidaiwi pasi.
Kwenye nne na nane ndipo nikamwonyesha vidole.

Ramani ikakonyeza: Mawaleh Kusini.
Magari mawili yakatoka.

"Zungumza nami, Nyamizi."
"Niseme nini?"
"Chochote."
Akasema alikuwa anakaanga mihogo,
ile ya friji, migumu kama mawe, ya pakiti.
Hamu tu. Hamu ilimwamsha usingizini.
Akaenda kumgeuza bibi, kurudi, mafuta yameshika.
Halafu akauliza, taratibu,
kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Watanikata mshahara?"

Fomu yangu ina kisanduku cha moshi,
cha gesi, cha majeruhi, cha wanyama wa kufugwa.
Nikasema, "Mshike bibi mkono."

King'ora nilikisikia kwake kabla sijakiona kwenye ramani.
Lango. Mabuti. Sauti ya mwanamume: yalla, yalla.
Simu ikakatika.
Ndivyo ilivyo. Minofu ya kila kisa huchukuliwa na wenye mabuti;
mimi hubaki na vichwa, kama paka wa soko la samaki Matrah.
Nikaandika: moto wa jikoni. Yaqdhan akanisogezea chai.
Simu nyingine ikalia: ngamia yule yule.

Alfajiri, nikiwa maegeshoni, simu yangu mwenyewe ikaita.
Sikusalimia. Nilisema, "Uko wapi?"
Mama akacheka. "Niko jikoni, mwanangu,
kwani mimi nitakuwa wapi?"
Nikanyamaza hadi akaniita jina mara mbili.
Una hamu ya nini, akauliza.

Mihogo, nikasema.
Lakini usiweke mafuta motoni. Nakuja.
Ningoje nifike, nisimame hapo.