Februari, Nusu Bei

Karani wa simu alinionya mara mbili:
"Dada, Februari hakuna kitu. Mvua zimenyesha,
wanyama hawaji kisimani. Msije mkatulaumu."
Nikauliza bei. Akaitaja kwa sauti ndogo: nusu.
Nikamwambia, andika watu wawili,
Shivute na Shivute, baba na binti.

Miaka thelathini na mmoja Tate aliosha sahani
kwenye kambi hii hii ya Etosha,
Julai, Agosti, msimu wa vumbi na makoti,
wageni wakipigana vikumbo ukutani.
Simba aliwasikia kwa mgongo,
mikono yake ndani ya povu.
Alijua ndovu wamefika
kwa jinsi chai ilivyopoa bila mtu kuipeleka.
Kwa macho yake, mchana kweupe, hakuona kitu
ila fisi mmoja wa jalalani,
na huyo, anasema, walikuwa wanaamkiana.

Langoni tulikuwa gari pekee.
Mlinzi alitupokea kama wakwe.
Nchi nzima kijani, kijani chenye haya,
kama mzoefu wa kaniki aliyevishwa hariri.
Maji kila shimo. Hata kwenye unyayo wa choroa
kulikuwa na ziwa, na ndani yake chura
mwenye madai mazito.
Nani atapanga foleni kisimani
wakati kila kichaka kina mtungi wake?

Tukakaa. Mabenchi ya watu mia mbili,
sisi wawili na njiwa.
Jioni taa kubwa ikawashwa, ikamulika maji,
maji yakaimulika taa.
Saa moja. Saa mbili. Saa tatu.
Nikaanza kumwomba radhi, nikataja mafuta,
barabara, likizo yangu ya siku nne
niliyoipata kwa kubadilishana zamu tatu za usiku wodini.
Tate akainua kidole: "Sikiliza."
Nikasikiliza. "Nini?"
"Hakuna sahani."

Mezani alituhudumia Hilja,
mjukuu wa mpishi wa enzi zake.
Tulipomaliza, Tate akaanza kupanga vyombo,
kikubwa chini, kidogo juu, uma upande mmoja.
Hilja akamkalisha kwa kumshika bega:
"Tate, leo wewe ni mgeni."
Akaketi. Mikono yake ikabaki juu ya kitambaa
kama ndege wawili waliokosea mti.

Asubuhi, kusini mwa uwanda wa chumvi,
tope likatumeza hadi kwenye ekseli.
Kushuka garini ni marufuku, kibao kinasema.
"Hicho ni kibao cha Agosti," akasema Tate,
akakunja suruali, akashuka
na miguu yake myembamba ya miaka sabini na minne.
Nikashuka pia. Tukasukuma. Halikwenda.
Tukasukuma. Akasema, "Nelago, acha,"
na sauti yake haikuwa ya kuchoka.

Hatua ishirini, labda pungufu,
swala jike amesimama, miguu imeachana,
anatazama mbali kama mtu anayekumbuka deni.
Kitu cheusi, chenye maji, kikaanguka majanini.
Akakilamba. Kikawa na masikio.
Kikasimama, kikaanguka kwa pua,
kikasimama, kikakosea mama,
kikaja kwetu hatua nne za kulewa
hadi alipokiita.
Tate alikuwa ameshika bonde la gari
kwa mikono miwili, tope viwikoni,
na sikumwangalia usoni kwa muda.
Mambo mengine hayataki shahidi.

Trekta la kambi lilifika saa sita.
Langoni kuna daftari: Mlichokiona.
Juu yetu, Agosti iliyopita, mkono wa mtu
umejaza ukurasa: simba kumi na moja, faru, chui na watoto.
Tate akaomba kalamu. Akaandika polepole,
kwa herufi alizojifunza uzeeni:
Swala, mmoja. Alikuwa bado hajakauka.

Kisha akamuuliza mlinzi
kama Machi bei inabaki ile ile.